Panga Kwanza, Salfa Baadaye: Kazi Inayoingoja Mikorosho ya Mbau

Mkorosho ulioachwa bila mwenyewe hujulikana kwa mbali. Matawi ya chini yamelala ardhini, nyasi zimepanda hadi kwenye shina, na mashada ya maua ya msimu uliopita yamebaki juu yake yakiwa makavu na meusi. Ukiinama ukaingia chini ya kivuli chake unakuta kichaka cha machipukizi membamba, yaliyotoka kwenye shina na kwenye matawi makubwa yakitafuta mwanga. Majani yake ni laini, mekundu kidogo. Chukua moja ulitazame kwa karibu mwezi wa Juni, asubuhi, umande ukiwa haujakauka: juu yake kuna unga mweupe mwepesi, unaofutika kwa kidole. Ukiufuta, mahali pake panabaki doa la kahawia.

Huo ndio ubwiriunga. Mahali ulipoonekana, kwenye machipukizi ya ndani ambayo hayatazaa hata korosho moja, ndipo penye kiini cha makala haya.

Mbau ni makao ya tarafa upande wa kusini wa wilaya ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Vita vilivyoanza mjini Mocímboa alfajiri ya 5 Oktoba 2017 viliwatawanya watu wa wilaya nzima: wengine Palma, wengine Mueda, wengine Pemba na Montepuez, na wengine wakavuka mto Ruvuma kuingia Tanzania. Katikati ya misukosuko hiyo, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kikapiga pwani hiyohiyo. Agosti 2020 mji wa Mocímboa da Praia ulitekwa na waasi, ukakaa mikononi mwao mwaka mzima, hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa tarehe 8 Agosti 2021. Mbau, iliyokuwa miongoni mwa ngome za waasi hao, ilikombolewa baadaye mwezi huohuo. Tangu hapo familia zimekuwa zikirudi kidogo kidogo katika wilaya hiyo, ingawa hofu haijaisha.

Anayerudi nyumbani baada ya miaka ya namna hiyo huanza na vya lazima: paa, maji, mbegu ya mahindi na muhogo. Mkorosho hufikiriwa mwisho, na sababu inaeleweka. Haujafa. Umesimama palepale, una majani, una kivuli, na ukiutazama kwa haraka waweza kudhani umejitunza wenyewe. Naona hilo ni kosa la gharama kubwa, na linafanywa na wenye mipango ya misaada kama linavyofanywa na mkulima aliyechoka. Korosho ndizo fedha za mwisho wa mwaka katika pwani hii. Huvunwa kuanzia Oktoba hadi Januari, wakati mahindi ya nyumbani yamekwisha na shamba jipya halijatoa kitu. Mti mkubwa uliokwisha komaa ni mtaji ambao hakuna mradi unaoweza kuuleta kwa mwaka mmoja. Kinachouzuia usizae mara nyingi ni ugonjwa.

Kuvu inayoleta ubwiriunga huitwa Oidium anacardii. Tabia yake moja inamfaa sana mkulima asiye na fedha: inaishi juu ya sehemu changa zilizo hai tu. Jani lililokomaa halidhuriki nayo, na kitu kilichokufa haiwezi kukaa juu yake. Basi kuanzia mavuno yanapomalizika hadi mikorosho inapochanua tena, ambapo kwenye mti kuna majani yaliyokomaa na magumu matupu, kuvu hii inaishi wapi? Watafiti wa kituo cha Naliendele, Mtwara, waliifuatilia. Shamte Shomari na mwenzake Kennedy walichapisha matokeo yao mwaka 1999: inajihifadhi kwenye machipukizi ya ndani ya mti, kivulini, ambako daima kuna jani jipya. Mwezi Juni ubaridi wa usiku unapoingia na mashada ya maua yanapochomoza, upepo unaibeba kutoka ndani kwenda nje. Haihitaji mvua. Ubaridi na unyevu wa asubuhi vinaitosha.

Inapofika kwenye shada la maua, hesabu inabadilika. Maua yanafunikwa na unga, yanageuka kahawia, yanakauka bila kufunguka. Yaliyobahatika kushika yanatoa korosho changa zenye makovu, na mabibo yanayopasuka. Mti ambao haukulindwa kabisa waweza kupoteza asilimia 70 ya mazao yake, na msimu ukiwa mbaya ukapoteza karibu yote. Mkulima ataona mti wake ulichanua vizuri mwezi Julai, kisha Oktoba hana cha kuokota, na atasema mwaka huu mikorosho imegoma.

Ukiyakata yale machipukizi kabla ya Juni umeuchelewesha ugonjwa. Huo ndio ukweli ambao ningependa uenee vijijini kuliko jina la dawa yoyote. Chipukizi likikatwa likakauka, ubwiriunga uliokuwa juu yake umekwisha, kwa kuwa hauna uwezo wa kuishi juu ya kilichokufa. Ugonjwa utakuja tu, maana upepo hauna mpaka, lakini utakuja baada ya wiki kadhaa, na wiki hizo ndizo maua yanazohitaji ili yashike. Kazi yenyewe ni ya panga na msumeno. Ondoa machipukizi yote ya shinani na ya ndani ya mti. Kata matawi yanayogusa ardhi, hadi mtu aweze kupita chini ameinama. Fyeka nyasi chini ya kivuli chote. Toa mashada makavu na vitawi vilivyokufa. Ifanyike mavuno yakimalizika, na Mei isikukute hujamaliza.

Kwa Mbau, hata hivyo, kuna jambo la kwanza kabla ya panga. Shamba lililokaa katika eneo la mapigano lisiingiwe kienyeji. Mabomu ya kutegwa yametumika katika vita hivi, hasa barabarani, na mtu anayefyeka kichaka kirefu haoni anachokikanyaga. Uulize uongozi wa kijiji na askari waliopo eneo gani limekaguliwa, na kitu usichokijua usikiguse.

Tanzania iliwahi kuona yanayotokea watu wanapotengana na mikorosho yao, na kisa chake ni cha karibu mno na Mbau kuachwa bila kusimuliwa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani 145,000 za korosho ghafi. Katika miaka hiyohiyo Operesheni Vijiji ikawahamisha watu wa Kusini kutoka mashambani mwao kwenda kwenye vijiji vipya. Mikorosho ikabaki kilomita kadhaa nyuma, bila palizi, bila kupogolewa. Bei anayolipwa mkulima ikawa duni. Kisha, mwaka 1979, ubwiriunga ukaripotiwa kusini mwa nchi, ukayakuta mashamba yaliyosongamana yakiwa yameshaandaliwa kwa ajili yake. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa yameteremka hadi karibu tani 17,000. Msumbiji ilikuwa imeanguka kutoka juu zaidi: mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ikiongoza duniani, kabla ya vita vya ndani vya 1977 hadi 1992 kuwatoa watu mashambani.

Tanzania iliinuka. Utafiti wa Naliendele, kwa fedha za Benki ya Dunia na Uingereza, ulileta salfa ya unga na mashine za kubeba mgongoni, ukafundisha kupunguza miti iliyobanana, na mwaka 2006 Dakta Peter Masawe na wenzake wakatoa aina 16 za mikorosho bora kwa wakulima. Msimu wa 1999/2000 mavuno yalipita tani 120,000, na 2017/18 yakazidi tani 300,000. Katika hayo yote kilichotangulia ni watu kurudi shambani.

Kuna jambo linalonisumbua katika maduka ya pembejeo pande zote mbili za Ruvuma. Mteja huingia akaomba "dawa ya mikorosho", naye muuzaji humpa anachouza. Mikorosho ina maradhi zaidi ya moja, na kinachoufaa ugonjwa mmoja hakiufai mwingine. Kuanzia mwaka 2002 Tanzania imekuwa ikipambana na ugonjwa mwingine, blaiti, unaoletwa na kuvu za jamii ya Cryptosporiopsis. Huu hauna unga. Unaanza na vidoa vidogo vya kahawia vyenye kingo nyeusi kwenye majani machanga, vidoa vinapanuka, jani linajikunja na kupukutika. Korosho changa na mabibo yanapata weusi na kudondoka. Tena blaiti hupenda mvua. Matone yanayoruka ndiyo yanayoibeba kutoka jani hadi jani. Msimu ambao mvua zimevuka Mei zikaingia kwenye maua, ogopa blaiti. Msimu mkavu wenye usiku wa baridi, ogopa ubwiriunga. Salfa haiitibu blaiti. Mtu anaweza kumwaga mifuko ya salfa mti wote ukawa wa njano, na majani yakaendelea kupukutika mbele ya macho yake. Inataka dawa za maji zilizothibitishwa kwa ugonjwa huo. Na kwa kuwa blaiti na ugonjwa mwingine wa kuvu uitwao chule, tofauti na ubwiriunga, hubaki kwenye vitawi na majani yaliyokufa, ulichokikata kwenye mti wenye maradhi hayo kitoe nje ya shamba ukichome.

Kuna na mdudu anayejifanya ugonjwa. Mbu wa mikorosho ananyonya utomvu wa machipukizi na mashada, na mate yake yanaua sehemu aliyochoma. Baada ya siku chache chipukizi lote ni jeusi, kana kwamba limepitiwa na moto. Ukiona hivyo, pasua kidogo ukague: vidonda vya mbu ni virefu, vimebonyea, kila kimoja na mpaka wake, mara nyingi na tone la gundi. Hapo salfa na dawa yoyote ya kuvu ni hasara tupu.

Dhidi ya mbu huyu mkulima ana mlinzi ambaye wengi humwua: maji moto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota juu ya mti. Wanauma, na anayeokota korosho hawapendi. Lakini mkorosho wenye maji moto wengi hauna mbu wengi. Jambo hilo limejulikana pwani yetu kwa muda mrefu; mtafiti Way alilichunguza kwenye minazi ya Zanzibar miaka ya 1950, na kunguni mmoja anayeharibu nazi na korosho, Pseudotheraptus wayi, amepewa jina la mtafiti huyo. Kwenye mashamba ya Mbau ambayo hayakupigwa dawa kwa miaka, viota hivyo huenda ni vingi. Unapopogoa, tawi lenye kiota lipite. Na uangalie usipulizie sumu ya wadudu kwa mazoea tu.

Nchi tajiri zina vita hivihivi kwenye kokwa nyingine. Katika bustani za jozi za California kuna ugonjwa wa bakteria, Xanthomonas, unaotia weusi matunda machanga mvua za mwanzo wa msimu zinaponyesha. Newton Pierce aliueleza tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Bakteria hao hujificha kwenye macho ya matawi majira ya baridi, na wakulima wa huko hupeleka macho hayo maabara kujua wingi wao kabla ya msimu. Silaha yao ni dawa za shaba, nao wameitegemea mno hadi bakteria wengine wamekuwa sugu, sasa wanalazimika kuichanganya na dawa nyingine. Ugonjwa wao si wetu na dawa yao si yetu, lakini kanuni inafanana: adui ana maficho kwenye mti huohuo kati ya msimu na msimu, na aliyengoja hadi aone tunda jeusi amechelewa. Usugu nao utakuja kutusumbua sisi tukirudia dawa ileile ya maji mwaka baada ya mwaka. Badilisha kundi la dawa, siyo jina la kopo.

Sasa salfa. Ni nzuri, bei yake ni nafuu kuliko dawa za maji, na haihitaji maji, jambo kubwa kwa kijiji ambacho kisima kiko mbali. Kipimo kilichozoeleka ni robo kilo kwa mti mkubwa kila mpigo, mipigo mitano kwa msimu, ukiacha wiki mbili hivi kati ya mpigo na mpigo. Mwenye miti 100 anahitaji mfuko mmoja wa kilo 25 kwa mpigo, yaani mifuko mitano kwa msimu. Mpigo wa kwanza ni mashada ya mwanzo yanapochomoza, kabla unga haujaenea. Hupigwa alfajiri, kuanzia saa kumi na moja mpaka jua linapopanda, kwa sababu upepo umetulia na umande ungali kwenye majani, salfa inashika. Upepo ukianza, zima mashine. Anayepiga afunge pua na mdomo, avae miwani, asimame upande unakotoka upepo. Macho yanayowashwa na salfa usiku kucha si jambo la kulivumilia kila msimu. Tena isipigwe zaidi ya inavyotakiwa: udongo wetu wa kichanga ni mwepesi kuharibika, na watafiti waliopima udongo wa mashamba ya Mtwara miaka ya 1990 waliona salfa inayoanguka chini ikiuongezea tindikali.

Salfa inayofika Septemba haina kazi. Kufikia wakati huo maua yaliyokufa yameshakufa. Nalisema hili kwa wote wanaohusika na ugawaji, serikali na mashirika: afadhali mifuko michache iliyofika kijijini mwezi Mei kuliko lori zima lililofika baada ya Agosti. Tanzania iliwahi kugawa salfa bure kwa wakulima, na palipokuwa na lawama, nyingi zilikuwa za kuchelewa.

Msumbiji ina utaratibu wake, na naupenda kwa kuwa haumtaki kila maskini awe na mashine. Taasisi ya korosho, INCAJU, iliyoundwa mwaka 1997 na ambayo sasa ni Instituto de Amêndoas de Moçambique, ilijenga mtandao wa watoa huduma wa vijijini. Mtu mmoja ana mashine na mafunzo, anapita shamba kwa shamba, na mwenye mikorosho analipa kwa idadi ya miti iliyopigwa. Vita vinapowatawanya watu, mashine inapotea, fundi wake yuko mbali, na mnyororo mzima umekatika. Kuurudisha Mbau si jambo la kungojea hadi amani ikamilike kila pembe. Vijana wawili watatu waliofundishwa, mashine mbili, vipuri na mafuta vinaweza kuhudumia miti mingi ya kijiji kizima katika msimu mmoja, na ni ajira yenye heshima kwa kijana aliyerudi bila kitu.

Kwa miti iliyozeeka mno au isiyozaa tangu zamani kuna njia ya kubebesha. Mkorosho hukatwa ukabaki kisiki cha chini ya mita moja, kisiki kinatoa machipukizi mapya, na machipukizi bora hupandikizwa vikonyo vya mkorosho wa aina nzuri. Kwa kuwa mizizi ni ya mti mkubwa, uzao unarudi mapema kuliko wa mche. Msiikate yote kwa mpigo mmoja. Ikatwe michache kila mwaka ili nyumba isikose korosho. Na pale palipobanana, toa mti dhaifu. Nafasi ya mita 12 kwa 12, miti 69 hivi kwa hekta, inaonekana ubadhirifu wa ardhi kwa macho ya wazee, lakini matawi yanayofumana ndiyo yanayotunza ubaridi na unyevu ambao ubwiriunga unautaka.

Kuna swali ambalo wataalamu wa mimea hawaulizwi, na kwa Mbau naliona gumu kuliko yote. Mti wa nani? Katika pwani hii mkorosho una mwenyewe hata pale ardhi inapolimwa na mwingine. Aliyeupanda, au mtoto wake, ndiye anayeokota. Leo mwenye shamba huyu amerudi, jirani yake wa kulia bado yuko Pemba, wa kushoto hajulikani alipo. Aliyerudi akisafisha miti yake yote kwa bidii, wingu la unga litatoka kwenye miti ya majirani iliyofunikwa na machipukizi. Akiingia kuisafisha bila idhini, ataonekana anajimilikisha, na ugomvi wa miti huvunja undugu kwa haraka kuliko ugomvi wa fedha.

Mabaraza ya wazee na viongozi wa vijiji wana uwezo wa kulimaliza hili bila kungoja sheria mpya. Yawekwe makubaliano mbele ya mashahidi: fulani atafyeka, atapogoa na kulipia upuliziaji wa miti ya mwenzake asiyekuwepo, ataokota msimu huu, sehemu iliyokubaliwa ya mauzo itawekwa kwa ajili ya mwenyewe au familia yake, na siku mwenyewe akirudi, anarudishiwa miti yake ikiwa imesafishwa, bila kudaiwa. Iandikwe, isomwe hadharani, idadi ya miti ihesabiwe na mipaka ikanyagwe kwa miguu. Aliye ukimbizini apelekewe habari kwa simu ya ndugu, aseme ndiyo au hapana. Makubaliano hayo yakifanywa Februari au Machi, kazi ya panga inapata nafasi yake kabla ya Mei kwisha, na mtoa huduma wa salfa akija Juni anakuta orodha ya miti ya kupiga na jina la atakayemlipa.